Nta Isiyoonekana

Kila mwaka kurasa hizi hujaa insha za safari, za nidhamu na za ubaya wa dawa za kulevya. Mimi nimeonelea niwaletee habari za kazi ya mikono, kazi niliyoishuhudia kwa macho yangu nyumbani kwetu Makina, kule Kibera. Msishangae nikitaja nta, msasa na asetoni katika jarida la lugha. Kiswahili ni lugha ya mafundi tangu zamani, na neno lisilotumika karakanani huota kutu kama msumari.

Kwa wale wasiopafahamu, Makina ni miongoni mwa vijiji vikongwe vya Kibera. Wazee wa Kinubi, ambao babu zao walikuwa askari wa King's African Rifles, walipewa makao huku mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Siku hizi msitu wetu ni wa mabati. Kuna msikiti, kuna soko, na ukitembea kidogo tu umefika Toi kwenye nguo za mitumba. Vibanda vimebanana bega kwa bega. Anayekaanga mandazi amepakana na anayeosha magari, naye anayeosha magari amepakana na mjomba wangu.

Mjomba ni ndugu yake mama. Mtaani kila mtu humwita Fundi, lakini mimi humwita Mjomba, naye huniita Mjomba vilevile, kama ilivyo desturi. Kazi yake ni ya faiba. Hutengeneza bampa za matatu, vifuniko vya taa, viti na matangi madogo ya maji. Faiba ni nyuzi za kioo zilizofumwa au kutandazwa kama mkeka, kisha zikaloweshwa resini iliyotiwa dawa ya kuigandisha. Resini ikishakauka, ule mkeka laini huwa mgumu kama ubao na haupati kutu milele.

Miaka michache iliyopita, Mjomba alianza kupata wateja wa faiba ya aina nyingine, ile nyeusi ya nyuzi za kaboni. Kitambaa chake kimesukwa kwa mistari ya kukingama kama msala wa Pwani, na mita moja huuzwa ghali mara nyingi kuliko mita moja ya faiba ya kioo. Lakini ni nyepesi ajabu na haipindi ovyo. Ndege za Boeing 787, ambazo Shirika la Ndege la Kenya lilianza kuzipokea mwezi wa Aprili mwaka 2014, takriban nusu ya uzito wa muundo wake ni vifaa vya namna hii. Na tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipomaliza masafa ya marathoni jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ndani ya soli za viatu vyake mlikuwa na mabamba ya kaboni. Kwa hivyo, mpenzi msomaji, usidhani nakusimulia habari za mbali. Kaboni imeshatukimbilia sisi Wakenya.

Wateja wenyewe walikuwa watu wa magari ya mashindano. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilikuwa imetoka katika orodha ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021 kule Naivasha. Iliporudi, hata madereva wadogo wasio na wafadhili walipata hamu ya kupunguza uzito wa magari yao. Mmoja wao akamletea Mjomba kazi mwezi wa Agosti mwaka 2023, nami nilikuwa nyumbani kwa likizo, kidato cha tatu. Alitaka boneti ya kaboni.

Kabla sijaendelea, nieleze jinsi kitu kama hicho kinavyotengenezwa, maana bila hayo hamtaelewa ugomvi uliotokea.

Kwanza huundwa kalibu, yaani umbo litakalotoa umbo. Kitambaa hulazwa juu ya kalibu, hupakwa resini, hubanwa vizuri hewa itoke, kisha huachwa kikauke. Lakini resini ni gundi. Ukiilaza juu ya kalibu tupu, vitashikana na hutavitenganisha tena ila kwa nyundo, na hapo umepoteza vyote viwili. Ndiyo maana fundi huipaka kalibu nta mapema. Hupaka tabaka jembamba, huacha likauke, hulisugua kwa kitambaa hadi ling'ae, kisha hupaka jingine na jingine. Ni kama mama anavyoipaka sufuria mafuta kabla ya kuoka keki. Siku ya kufungua, kitu chako hutoka kwa mlio mdogo, "pwak!", kikiwa kinameremeta kama kioo.

Basi nta ni rafiki wa fundi. Taabu ni kwamba urafiki wake hauna mpaka. Sehemu ya kitu iliyolalia kalibu hutoka na nta kidogo, nyembamba mno, isiyoonekana kwa macho wala kusikika kwa kidole. Kama kazi yako imeishia hapo, huna neno. Lakini ukitaka kuipaka rangi sehemu ile, au kubandika kitu kingine juu yake, nta ile ile iliyokusaidia jana inakuwa adui leo. Rangi hujikusanya na kuacha vishimo vya mviringo ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Gundi nayo hukauka vizuri kabisa juu yake, ikakudanganya kuwa imeshika, kumbe imeketi tu.

Boneti ya yule dereva ilikuwa ya vipande viwili. Juu kulikuwa na bamba jembamba la kaboni. Chini yake zilikuwepo mbavu nne, ndefu, zenye umbo la mfereji uliofudikizwa na kingo bapa pande zote mbili. Kila ubavu ulitengenezwa juu ya kalibu yake, kisha zile kingo bapa zikapakwa gundi ya epoksi na kubandikwa chini ya bamba. Mbavu ndizo zinazoipa boneti ukakamavu. Bila hizo, ikipigwa na upepo wa kasi hutetema kama turubai, na ikifyatuka kwenye vishikizo vyake humrukia dereva machoni. Hiyo si hasara ya boneti tena, ni roho ya mtu.

Aliyezibandika mbavu hizo alikuwa mwanagenzi wa Mjomba, kijana wa Kawangware. Kila siku alikuja kwa miguu kutoka kwao hadi Makina, na jioni akarudi kwa miguu, ili nauli ibaki kwa mamake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilikuwa nikimwita kaka, kwani alinizidi miaka minne.

Boneti ilikabidhiwa Ijumaa. Jumanne ikarudi. Dereva alikuwa ameijaribu kwenye barabara ya murram akaona inapandapanda. Kuinua tu kuangalia, mbavu tatu kati ya nne zilikuwa zimebanduka na kuning'inia. Alisema kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko makelele, kwamba anataka boneti nyingine kwa wiki moja au arudishiwe pesa zake. Pesa zenyewe zilikuwa zimeshalipa kodi ya karakana. Salio alilokuwa bado kulipa ndilo Mjomba alilomwahidi mama kwa karo yangu ya muhula wa tatu.

Dereva alipoondoka, Mjomba alimgeukia kijana.

"We, si nilikuambia hii gundi ya epoksi si kama ile resini ya bampa? Ulipima hadina ama ulikisia?"

"Nilipima, Mzee. Gramu mia kwa thelathini, kwa mizani, vile imeandikwa kwa mkebe."

"Ulipima na ulikuwa kwa simu!"

"Wallahi Mzee, nilipima."

"Basi niambie ni nini imefanya zibanduke."

"Sijui, Mzee."

"Kama hujui, kesho usije. Nitakuita."

Kijana aliokota jaketi lake akaondoka. Sote pale tulijua kwamba "nitakuita" ni neno la adabu tu.

Nilielewa kwa nini Mjomba alishuku hadina. Ile resini ya bampa, inayoitwa poliesta, hutiwa dawa kidogo sana, asilimia moja hadi mbili hivi, na fundi huweza kuongeza au kupunguza kidogo kufuatana na baridi au joto la siku. Epoksi haina mchezo huo. Kipimo chake ni kimoja, na ukikosea, gundi hubaki laini au yenye kunata hata ukiingoja mwezi. Mafundi wengi waliozoea poliesta huharibikiwa hapo. Kwa hiyo lawama ilikuwa na mantiki. Lakini mantiki si ushahidi.

Nilichukua ubavu mmoja nikaketi nao kizingitini. Nilipoutazama, mambo mawili yalinikataza kuamini. Kwanza, gundi ilikuwa ngumu. Niliikwaruza kwa ukucha, haikukubali. Niliigonga kwa kijiti, ikalia kama sahani. Gundi iliyokosewa kipimo hailii hivyo. Pili, gundi yote ilikuwa imebaki upande mmoja, kwenye bamba la boneti. Kwenye kingo za ubavu hapakuwa na hata chembe. Zilikuwa safi, na kati ya mikwaruzo ya msasa zilikuwa zaling'aa kidogo. Kama ni gundi iliyokuwa dhaifu, ingekatika yenyewe katikati na kuacha mabaki huku na huku. Hii haikukatika. Ilikataa upande mmoja tu, ule uliokuwa umelalia kalibu.

Hapo nikakumbuka somo la fizikia la kidato cha kwanza, mvutano wa uso wa maji. Mwalimu wetu alituonyesha sindano inayoelea kwenye bilauri, akatueleza kwa nini tone la maji husimama kama shanga juu ya jani la nduma lakini husambaa juu ya kioo kisafi. Maji hupenda uso safi. Uso wenye mafuta au nta huyafukuza, nayo hujikusanya. Siku ile tuliandika kwenye daftari, tukafanya mtihani, tukasahau.

Niliuosha mkono kwa sabuni, nikachota maji safi kikombeni, nikayamwaga taratibu kwenye ukingo wa ule ubavu. Yakajikunyata. Yakawa shanga, shanga, shanga, yakateleza na kuanguka. Nikachukua kipande cha faiba kilichovunjwa hapo hapo, ambacho uso wake wa ndani haujawahi kuguswa na kalibu, nikamwaga maji yale yale. Yakatandaa kama shuka.

"Mjomba," nikamwita, "hebu kuja uone kitu."

Alikuja akiwa bado na hasira. Nikarudia mara mbili. Alitazama, akachuchumaa, akarudia mwenyewe mara ya tatu. Hakusema neno. Kisha akaenda kwenye gunia la matambara lililoning'inia ukutani, akalimwaga lote chini. Yalikuwa vipande vya fulana za mitumba. Yale ya kung'arishia nta yalikuwa humo, yamefuliwa, yamekunjwa pamoja na yale ya kupangusia kabla ya kubandika. Aliyekuwa akiyafua na kuyarudisha gunia moja, kwa miaka yote hiyo, alikuwa yeye mwenyewe.

Halafu akasema polepole, "Na mimi ndiye nilimfundisha apige msasa kwanza."

Hilo ndilo lililokuwa kubwa zaidi. Mafundi wengi hudhani msasa hutoa kila uchafu. Kweli, msasa huondoa kilicho juu, lakini kama uso una nta, huisukuma hiyo nta ndani ya mikwaruzo, ikajaa humo kama siagi kwenye mkate. Unayempangusa baadaye umechelewa, na ukimpangusa kwa tambara lenye nta yake mwenyewe, unazidi kumpaka. Kijana wa Kawangware alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alipima hadina sawasawa. Alipiga msasa sawasawa. Alipangusa kwa tambara alilopewa.

Hatukumwamini Mungu wa maji peke yake, kama Mjomba alivyotania baadaye. Tulifanya jaribio. Tulikata vipande vinne vya kaboni kutoka kwenye ubavu ulioharibika. Viwili tukavibandika kwa njia ya zamani. Viwili tukavisafisha kwanza, tukapiga msasa, tukasafisha tena kwa kitambaa kipya, tukamwaga maji yakatandaa, tukavikausha na kuvibandika kwa gundi ya mkebe ule ule, kwa kipimo kile kile. Siku ya pili tukavitia patasi. Vya njia ya zamani viliachana kwa kusukumwa kidogo tu, safi kama vifuniko vya sufuria. Vile vingine vilikataa. Mjomba alipotumia nguvu zote, havikuachana kwenye gundi. Nyuzi za kaboni zenyewe ndizo zilizochanika.

Jioni ya siku hiyo, baada ya adhana ya magharibi, Mjomba alivaa kanzu yake safi akaniambia nimsindikize. Tulitembea hadi Kawangware. Njia nzima hakuzungumza. Tulipofika, mamake kijana alitukaribisha chai, akaona aibu kwa kukosa maziwa. Mjomba hakuigusa kwanza. Alimgeukia kijana mbele ya mamake, akamwambia, "Nimekuja kukuomba msamaha. Gundi yako ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwa mafunzo yangu."

Kijana aliinamisha macho. Alisema tu, "Nilijua nimepima, Mzee."

Mamake ndiye aliyelia. Mimi nilitazama kikombe changu. Katika maisha yangu sikuwa nimemwona mtu mzima, fundi anayeheshimiwa, akivuka mitaa usiku kwenda kumwomba radhi kijana asiye na chochote. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Usiku ule niliona pia kwamba muungwana akikosea huinuka akaenda.

Kesho yake kazi ilianza upya, na taratibu za karakana zikabadilika. Naziandika hapa kwa sababu najua baadhi yenu mna kaka na baba katika kazi za faiba, za rangi na za bodi za magari, na huenda zikawafaa.

Nta sasa ina kona yake, na gundi ina kona yake. Katikati pametundikwa turubai. Kinachoingia kona ya nta hakivuki, si brashi, si tambara, si hata meza. Matambara ya nta ni mekundu, na yakishatumika hutupwa. Vitambaa vya kusafishia ni vyeupe, vipya vya pamba, na havifuliwi kwa ile dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa nayo huacha utando wake kwenye nyuzi. Kila kitambaa hutumiwa upande mmoja, hukunjwa, hutumiwa upande wa pili, halafu basi.

Asetoni humiminwa juu ya kitambaa. Kitambaa hakichovywi mkebeni, maana ukikichovya kilichokwisha kugusa nta, umeichafua asetoni yote na kila kitu utakachopangusa nayo. Unapopangusa, enda upande mmoja tu, usizungushe. Mkono wa pili uwe na kitambaa kikavu, na upanguse nacho kabla asetoni haijakauka yenyewe. Ikikauka yenyewe, uchafu ulioyeyuka hubaki pale pale ulipokuwa. Safisha kwanza, kisha msasa, kisha safisha tena. Halafu maji. Yakijikunyata, rudia. Yakitandaa bila kukatika, kausha kabisa na ubandike siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Kuna na ujanja mwingine ambao Mjomba alianza kuutumia. Palipo na sehemu itakayobandikwa, hulaza kitambaa chembamba cha nailoni juu ya kalibu kabla ya kaboni. Nailoni hiyo hukauka pamoja na kazi, kisha hubanduliwa dakika chache tu kabla ya kupaka gundi, na chini yake uso huwa na vinyweleo safi visivyoguswa na nta. Lakini ni lazima iwe nailoni tupu. Zipo za kuuzwa zilizopakwa dawa ya kuzifanya zibanduke kwa urahisi, na hizo zaweza kukurudisha kule kule ulikotoka.

Mikono nayo ina habari zake. Hakuna kujipaka mafuta kabla ya kazi, hata siku ya baridi ngozi ikipauka. Glavu huvaliwa mpya kwa kila hatua, kwani zile zilizoshika nta haziwezi kushika ubavu. Katika viwanda vya ndege, vyumba vya kubandikia hufungwa kabisa, na vitu vyenye silikoni, pamoja na mafuta mengi ya kujipaka, haviruhusiwi humo. Sisi hatuna chumba cha namna hiyo. Tuna Makina.

Na hapa ndipo palipokuwa na mtihani mgumu kuliko yote. Wale vijana wa kuosha magari hupulizia tairi dawa ya kung'arisha, na dawa hiyo ina silikoni. Silikoni ni mbaya kuliko nta, kwani husafiri na upepo na haitoki upesi. Upande wa pili, moshi wa mafuta ya mandazi hutuingilia kuanzia alfajiri. Mtu mwingine angeanza vita. Lakini utamwambiaje mama anayelisha watoto watano kwa mandazi kwamba moshi wake unaharibu boneti ya gari la mashindano?

Mjomba alikwenda kwa kila mmoja, akaketi, akaeleza. Alichukua hata kikombe cha maji akawaonyesha zile shanga. Vijana wa magari walishangaa, wakacheka, kisha wakakubali kwamba siku za kubandika tairi zitang'arishwa kwa kitambaa, si kwa kupuliza, na upande ule wa mbali. Mama wa mandazi humaliza kukaanga saa tatu asubuhi. Basi kubandika hufanywa mchana, jiko lake likiwa limezimwa. Hilo nalo ni jema kwa sababu nyingine, kwani asetoni hushika moto kama petroli, na sote tunajua moto ukianza Kibera hauulizi mwenye nyumba.

Boneti mpya ilimalizika siku moja kabla ya wiki kwisha. Aliyezibandika mbavu ni kijana wa Kawangware. Mjomba alisimama kando akimwaga maji. Dereva alikuja, akaibonyeza kwa magoti, akajaribu kuingiza kucha chini ya kila ubavu, akalipa salio. Tangu hapo boneti hiyo imerudi karakanani mara moja tu, kwa sababu ya mkwaruzo wa jiwe. Mbavu zote nne zilikuwa mahali pake.

Nami nilirudi shule na karo yangu. Lakini ninalotaka mbaki nalo, wanafunzi wenzangu, si karo. Katika darasa letu, bwenini, hata majumbani kwetu, kitu kikivunjika huwa tunamtafuta mtu kabla hatujakitafuta kisababu. Na mtu tunayempata, aghalabu, ni yule mnyonge asiye na wa kumtetea. Tunamwuliza, "Nani kama si wewe?" naye hana jibu, kwa sababu yeye pia haoni ile nta. Kukosa jibu si kukiri. Kijana wa Kawangware alisema "sijui" kwa kuwa kweli hakujua, na kwa neno hilo la ukweli alikaribia kupoteza kazi.

Kumbe kilichohitajika kilikuwa kikombe kimoja cha maji na mtu wa kuchuchumaa akatazama. Masomo tunayoyalalamikia kuwa hayana kazi yana kazi, ila hayatupigii hodi. Ni sisi tunaopaswa kuyaita yanapohitajika. Na nyinyi mnaojiandaa kuwa mafundi, wahandisi, mahakimu au wazazi, kumbukeni kupima uso kabla ya kumlaumu aliyebandika.

Nawatakieni mitihani mema na likizo njema. Mkipita Makina, karibuni karakanani. Chai ipo, ila mnawe mikono kwanza.